Mota haijakufa: tutengeneze vioo vya taksi kabla havijatufungia ndani

Wiki iliyopita mvua ilitukuta Miti, pale barabara ya Bunyakiri inapoachana na ile ya Kavumu. Ndani ya taksi tulikuwa watu saba pamoja na shofa, na mtoto mmoja juu ya magoti ya mama yake. Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilikuwa chini na kilikataa kupanda. Maji yakaingia, na kijana aliyeketi pale akavua koti lake akaziba dirisha. Upande wa kuume mambo yalikuwa kinyume: kioo kilikuwa juu na kilikataa kushuka.

Mama mwenye mtoto alikuwa amefika kwake. Akasema: "Shofa, miye naishia hapa." Akapapasa mlango akitafuta kishikio cha ndani. Hakikuwepo, kilikatika zamani. Katika taksi za namna hiyo, kila mtu wa Bukavu anajua dawa yake: unateremsha kioo, unatoa mkono nje, unafungua mlango kwa nje. Lakini kioo kilikuwa juu. Ikabidi shofa ashuke, azunguke gari katika mvua, na kutufungulia kama mtu anayefungua banda la mbuzi.

"Patroni anajua," alisema, huku akijipangusa maji usoni.

Tulicheka wote, hata mama yule. Nami nilicheka. Taksi ilipoondoka ndipo nilipojiuliza: kama gari lingepinduka pale kwenye mteremko, au kama moshi ungeanza kutoka chini ya viti, nani angezunguka kutufungulia? Shofa mwenyewe labda angekuwa amelala juu ya volani.

Wengi wetu tunakichukua kioo kinachopanda kwa buto kama urembo, jambo la watu wa magari ya fahari. Kikiharibika, tunaweka kipande cha mti, tunaendelea na safari. Mimi nasema hapana. Kioo cha mlango ni njia ya kutokea, hasa katika magari yetu ambayo vishikio vya ndani vimekufa. Na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo, unaweza kuponywa kwa pesa isiyofika bei ya sahani ya bugali na sambaza, kama tu fundi atautafuta kabla ya kutuma watu kununua mota.

Kwa nini naongelea Miti? Kwa sababu Miti ni njiapanda, na njiapanda inachosha vioo. Kutoka Bukavu ni mwendo wa kilomita kama 25. Barabara ya kitaifa namba 2 inaendelea kuelekea uwanja wa ndege wa Kavumu, Katana na Kalehe, mpaka Goma. Ile ya namba 3 inakata kushoto, inapita Tshivanga ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha inashuka Bunyakiri kuelekea Walikale. Gari likisimama pale, vioo vyote vinaanza kazi. Akina mama wanaleta ndizi, karoti na avoka, vijana wanaleta maji na biskuti, mtu anarudisha chenji, mwingine anauliza kama kuna nafasi. Kioo kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kila gari linalotoka Bunyakiri linaleta vumbi lake, na vumbi hilo linaingia katika ile mipira miwili inayokishika kioo kama mfereji. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, vumbi linakuwa tope. Kioo kinacholazimishwa kupita katika tope kavu mara mia kwa siku, mota yake haiwezi kudumu.

Tena kuna jambo la volani. Magari mengi tunayotumia hapa yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na kwa hiyo volani iko kuume. Sisi tunaendesha kuume. Matokeo yake, shofa wetu anaketi upande wa mtaro, mahali wachuuzi wanaposimama. Yeye ndiye anayenunua, anayelipa, anayesalimia, anayejibu maswali kwenye bariere. Kioo chake kinafanya kazi kuliko vingine vyote, na buto zake, zile nne zilizopangwa pamoja kwenye mlango wake, ndizo zinazopata mvua kila anapoteremsha kioo kutoa franka. Maji yakiingia ndani ya buto, vyuma vidogo vinavyogusana vinashika kutu ya kijani, na umeme haupiti tena vizuri. Hapo hata kioo cha abiria wa nyuma kinaweza kugoma, kwa sababu katika magari mengi umeme wa vioo vingine unapitia kwanza kwenye buto hizo za shofa.

Na hiyo bariere, tuiongelee kidogo. Usiku, mtu anamulika tochi na kusema "teremsha kioo". Shofa anabonyeza, kioo hakishuki. Anafungua mlango ili aeleze. Sihitaji kumwambia msomaji wa kwetu kwamba mlango unaofunguka ghafla usiku mbele ya mtu mwenye silaha ni jambo tofauti kabisa na kioo kinachoshuka polepole. Shofa mmoja aliniambia kwamba yeye, tangu kioo chake kiharibike, usiku anatembea nacho kikiwa chini, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimwelewa.

Sasa tuingie garaje. Neno unalolisikia kwanza ni hili: "Mota imekufa, muzee. Tafuta ingine." Fundi hajafungua mlango, hajapima kitu, amebonyeza buto mara mbili tu. Mwenye gari anatoa dola, kijana anatumwa Bukavu, analeta mota ya okazyo iliyotolewa katika gari lililokufa, inafungwa, na kioo bado hakiendi. Basi wanasema mota hii nayo ilikuwa mbaya. Nimeona mtu ananunua mbili. Ugonjwa wake ulikuwa waya uliokatika.

Siwatukani mafundi. Wengi walijifunza kwa macho, chini ya mti, bila kitabu na bila chombo cha kupimia, na wanafufua magari ambayo katika nchi nyingine yangeshageuzwa chuma chakavu. Lakini tabia hii ya kuanza na pyesi badala ya kuanza na swali inawala wateja, na inafanya vioo vibaki vibovu, kwa sababu mwenye gari akisikia bei ya mota anakata tamaa na kwenda kutafuta kipande cha mti.

Kitu chenyewe si cha ajabu. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na vioo vinavyopandishwa bila mkono lilikuwa Packard ya Marekani, mwaka 1940. Katika magari yetu ya leo, ndani ya mlango kuna mota ndogo ya umeme wa volti 12. Inazungusha gia, gia inavuta kamba ya chuma au inasukuma mikono ya chuma iliyopishana kama mkasi, na kioo kinapanda. Ndiyo mafundi wanaita levi-vitri. Ukigeuza umeme, plasi iende mahali pa masi na masi mahali pa plasi, mota ileile inazunguka kinyume na kioo kinashuka. Basi. Kazi yote ya buto ni kugeuza umeme huo.

Ukishika jambo hilo moja, tayari unaweza kumkatalia fundi mwenye haraka. Kioo kinashuka lakini hakipandi? Mota haijakufa. Maiti haitembei upande mmoja. Mota ni ileile inayoshusha na kupandisha. Kama inashusha, iko hai. Tafuta katika buto, au katika waya, au katika mipira iliyokauka, maana kupandisha kioo ni kubeba uzito na kunataka nguvu kuliko kukishusha.

Swali la kwanza ni: kioo kimoja au vyote? Kama vinne vimegoma siku moja, usiguse mlango wowote. Mota nne hazifi pamoja. Angalia kwanza fyuzi, ile fisibli ndogo ya rangi katika sanduku lake chini ya dashibodi au karibu na batri. Mchoro ulio kwenye kifuniko unaonyesha ni ipi. Kisha rele, kisha masi, kisha buto za shofa. Na kabla ya hayo yote, tazama ile buto ndogo ya kufunga vioo vya abiria, iliyo kando ya buto nne za shofa. Nimeshuhudia gari likikaa nusu siku garaje, mlango umefunguliwa, vyuma viko chini kwenye mkeka, na kumbe mtoto wa mwenye gari ndiye alikuwa amebonyeza buto hiyo alipokuwa akicheza. Fundi aliirudisha bila kusema neno. Alilipwa.

Kama ni kioo kimoja tu, kijaribu kwa buto yake mwenyewe, kisha kwa buto ya shofa. Kikienda kwa moja na kukataa kwa nyingine, mota ni nzima na waya wa mota ni mzima. Shuku kwanza ile buto iliyokataa, au waya wake. Kikikataa kwa zote mbili, sikiliza. Weka sikio mlangoni na mwambie mtu abonyeze. Ukisikia mota inanguruma huku kioo kimesimama, umeme uko sawa, ila kamba imekatika, au gia imeliwa meno, au kioo kimechomoka mahali kinaposhikwa. Ukisikia mlio mfupi, "tak", kisha kimya, huenda kuna kitu kimekwama, au umeme unafika ukiwa mnyonge. Usiposikia chochote, umeme haufiki, au mota kweli ina shida.

Kuna kipimo kingine kisichotaka chombo chochote, na kila shofa angekijua. Usiku, au chini ya kivuli, washa taa ya ndani ya gari, weka kontakti, kisha bonyeza buto huku ukiitazama taa. Taa ikififia kidogo, umeme unaondoka kwenda kwenye mota, na mota inajitahidi lakini imekwama. Taa isipobadilika hata kidogo, umeme haufiki. Kwa kipimo hiki cha nusu dakika umejua upande wa kutafuta: vyuma na mipira, au nyaya na buto.

Kama umeme haufiki, mahali pa kwanza pa kushuku ni ule mpira uliokunjana kama mrija, kati ya mlango na mwili wa gari. Nyaya zote za mlango zinapita mle. Taksi inafungua na kufunga milango yake mara nyingi sana kwa siku, na kila mara nyaya hizo zinakunjwa mahali palepale. Mwisho zinakatika ndani, huku ngozi yake ya plastiki ikionekana nzima kwa macho. Ili kujua, fungua mlango, bonyeza buto na usiiachie, kisha usogeze mlango polepole, mbele na nyuma, ukiutingisha mpira ule kwa mkono. Kioo kikishtuka hata mara moja, umempata mwizi. Kazi iliyobaki ni kuvuta mpira, kuunga waya kwa kipande kingine kilicho laini, chenye unene uleule, kukichomelea vizuri na kukifunika. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga skochi hakutoshi. Mahali pale patakunjwa tena kesho asubuhi.

Waya ukiwa mzima, fundi atoe kifuniko cha ndani cha mlango, achomoe plagi ya mota, na aweke pale taa ndogo ya kupimia, ile taa ya volti 12 yenye nyaya mbili ambayo kila garaje inaweza kujitengenezea. Buto ikibonyezwa na taa ikawaka, kwenda juu na kushuka chini, basi umeme unafika, na hapo ndipo mtu ana ruhusa ya kuishuku mota. Hata hapo asikimbie dukani. Apige mlango kwa kiganja karibu na mota wakati buto imebonyezwa. Ikiamka na kuzunguka, makaa yake ndani yamechakaa. Itakupeleka siku chache, wakati unatafuta nyingine. Sasa kweli unaweza kusema mota imekufa, au inakufa.

Buto yenye kutu mara nyingi inapona. Inatolewa, inachomolewa, inafunguliwa kwa utaratibu, maana ndani kuna vipande vidogo vinavyopenda kuruka, na vile vyuma vinavyogusana vinasafishwa kwa alikoli safi na kuachwa vikauke. Mipira ya kioo inasafishwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, inakaushwa, kisha inapakwa silikoni. Si mafuta ya injini! Hili nalirudia kwa sababu naliona kila siku: kioo kinakwama, shofa anamimina mafuta meusi katika mpira, kioo kinateleza siku mbili, halafu mafuta yanakamata vumbi lote la barabara na kugeuka kuwa kitu kama simenti. Mpira nao unavimba na kuharibika.

Na chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Maji ya mvua yanapita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, ndivyo ulivyotengenezwa, na yanatakiwa yatoke chini. Katika magari ya barabara zetu matundu hayo yamezibwa na tope. Maji yanabaki ndani kama katika ndoo, na mota inaoga. Kijiti kimoja, dakika moja, yamefunguka.

Nimesema mengi juu ya kutafuta ugonjwa kwa sababu dawa tunazotumia sasa ni hatari kuliko ugonjwa. Mbaya kuliko zote ni fyuzi iliyokatika na kubadilishwa kwa kipande cha waya, au kwa karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi inakatika kwa sababu mahali fulani umeme unapita mno: mota imekwama, au waya uliochubuka unagusa chuma. Ukiweka waya mnene mahali pake, hakuna kitakachokatika tena, isipokuwa nyaya zenyewe zitawaka moto ndani ya mlango au chini ya dashibodi. Ndugu yake ni "direkti": fundi anachukua umeme moja kwa moja kwenye batri, bila fyuzi, anauleta kwenye mota kwa buto ya kengele ya nyumba. Kioo kinapanda, watu wanampongeza. Mimi nikiona nyaya nyekundu zinaning'inia karibu na miguu ya shofa, nashuka.

Kipande cha mti nacho si dawa. Kinakishika kioo juu, ni kweli, mpaka gari linaporuka shimo. Kioo cha mlango hakitengenezwi kama kile cha mbele. Cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando katikati, kikipasuka kinabaki mahali pake. Cha mlango kinapasuka chote kwa mara moja na kumwagika kama punje za mahindi, na mti unaokibana pembeni unakisaidia kupasuka. Kama hakuna njia, afadhali bonyeza buto ya kupandisha huku watu wawili wanakisaidia kioo kwa viganja, mmoja ndani mmoja nje, kisha kifunge juu kwa skochi ngumu mpaka utakapofika garaje.

Nawakumbusha pia vijana wa garaje wanaofungua milango: zile levi-vitri za mikono ya mkasi zina resori yenye nguvu. Ukiitoa mota kabla ya kuufunga mkono ule usitembee, unaruka, na vidole havina okazyo. Kioo nacho kifungwe juu kwanza, ndipo ufungue kilichokishika.

Kuna watoto. Mota inayopandisha kioo haijui kama juu yake kuna mpira au shingo ya mtoto. Magari mapya kidogo yana akili ya kurudisha kioo kikikuta kitu. Mengi ya kwetu hayana, au yalikuwa nayo ikapotea baada ya batri kutolewa na hakuna aliyefuata kitabu kuirudisha. Zamani buto nyingi zilikuwa za kukanyagika: mtoto anasimama juu ya mlango, kichwa nje, goti lake linagusa buto, kioo kinapanda. Vilitokea vifo vya namna hiyo Marekani, na mwaka 2005 sheria ilipitishwa kule ikidai buto za kuvutwa juu ndipo kioo kipande, ili goti lisiweze kukipandisha. Magari yetu ya miaka ya 1990 hayajui sheria hiyo. Kwa hiyo ile buto ya kufunga vioo vya abiria isiwe adui yetu wakati wote: mtoto akiwa nyuma na mzazi akiwa mbele, ifungwe. Na shofa akiteremka kununua mkate, aondoke na ufunguo.

Sasa, watu wataniambia: wewe unaandika tu, hujui maisha ya shofa. Najua kidogo. Shofa wa taksi si mwenye gari. Kila jioni anapeleka pesa kwa patroni, na siku gari likilala garaje, pesa ile inadaiwa au inaleta ugomvi. Akisema kioo kimeharibika, patroni anauliza: je, gari linatembea? Linatembea. Basi peleka pesa. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, na si la fundi. Patroni anayejua kwamba kishikio cha ndani hakipo na kioo hakishuki, na bado anatuma gari kubeba watu, amechagua. Asiseme ajali ni mapenzi ya Mungu.

Lakini vipimo nilivyoeleza havitaki siku nzima. Taksi zinapanga foleni Miti zikingoja abiria, wakati mwingine saa nzima. Saa hiyo inatosha kupima vioo vinne, kuangalia fyuzi, kutingisha mipira, kutoboa matundu ya maji. Shofa akienda garaje akisema "waya wa mlango wa nyuma umekatika ndani ya mpira", atalipa kazi ya waya. Akienda akisema "kioo hakipandi", atalipa mota.

ACCO, ambayo ni chama cha mashofa, ingeweza kufanya jambo moja bila kungoja serikali: gari lisipakie abiria pale parkingi kama kuna mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani wala kioo chake hakishuki. Sisemi vyote viwili viwe vizima leo. Nasema angalau kimoja katika kila mlango. Wale wanaofanya kontroli tekniki nao, kabla ya kutia sahihi, wakae kiti cha nyuma, wafunge mlango, na wajaribu kutoka. Sekunde kumi. Na polisi wa barabarani, wanaosimamisha magari mara nyingi kwa ajili ya karatasi, wangekuwa na sababu nzuri ya kusimamisha.

Nasi abiria tuna kazi yetu. Tunaingia taksi tukiuliza bei tu. Kabla ya kufunga mlango, tafuta kishikio kwa mkono. Kama hakipo, jaribu kioo. Kama kioo nacho hakishuki, mwambie shofa akiteremshe kwa buto yake na kibaki wazi, hata kama kuna baridi. Akishindwa, ngoja nyingine. Barabara yetu, ukipita Katana, inafuatana na ziwa kwa muda mrefu. Gari likiingia majini, mlango haufunguki kwa sababu maji yanausukuma kutoka nje. Kioo ndicho kinachofunguliwa, tena upesi, katika dakika ya kwanza, kabla maji hayajafika kwenye nyaya. Ndiyo sababu fundi wa kweli anapokuambia kioo chako kinapanda polepole, msikilize wakati bado kinapanda.

Juzi nilipita tena Miti nikamkuta shofa yule wa siku ya mvua. Nilikuwa nimemwambia juu ya mpira wa nyaya, na alikuwa amecheka. Safari hii alinionyesha mlango wa kushoto: kioo kinapanda, kinashuka. Kijana mmoja alivuta mpira akakuta nyaya mbili zimekatika, akaziunga palepale kwenye foleni. Kile cha kuume kilikuwa tope tu katika mipira. Kimeoshwa, kinashuka, kwa kusaidiwa kidogo na kiganja.

Nikamwuliza kishikio cha ndani.

"Bado," akasema. "Patroni anajua."